Kiatu cha Dohanini

Mtu akipishana na balaa mlangoni mara nyingi hajui kwamba amepishana nalo. Clive Tapscott alidhani ni viatu tu.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio mjini Thaxbury, mwezi wa Novemba, mvua ile nyembamba isiyonyesha wala kuacha kunyesha. Clive alisimama chini ya kibao cha mkahawa wa binti yake, akapiga simu, akasema kwa sauti ya msiba, "Tamsin mwanangu, tumekwama barabara kuu, lori la kabichi limepinduka, usitusubiri." Kisha akasukuma mlango na kuingia huku simu ingali sikioni. Hizo ndizo zilikuwa salamu zake tangu binti akiwa na miaka sita. Tamsin, kutoka jikoni, alipiga kelele bila hata kuchungulia: "Baba, nimesikia kiatu chako tangu ukiwa kwenye meza ya jibini!"

Ndani ya mlango zilipangwa jozi saba za gambuti za wageni, zimesimama ukutani kwa adabu kama wanafunzi wa bweni wakisubiri kuhesabiwa. Gambuti za kulia zilitazama ukuta. Za kushoto, zote saba, zilikuwa zimegeuza vidole upande wa meko.

"Angalia," Clive alimwambia mkewe. "Mji huu hata viatu vinaota moto."

"Ingia ndani, bwana wee," alisema Hilary. "Mvua yote inaniishia mgongoni."

Clive akainama, akazigeuza moja moja. Alikuwa ameendesha basi la watalii miaka thelathini na moja, na mkono wake haukuweza kupita penye vitu vya watu vilivyokaa ovyo. Alipoinuka, harufu ikampiga puani: masizi yaliyolowa, kama chungu kilichoungua kikaachwa na maji hadi asubuhi, na chini yake, mbali kidogo, nywele zilizochomeka. Akafikiri keki imeungua. Kwa heshima ya mwanawe, hakusema kitu.

Hapa inabidi tuzungumzie viatu vyake, maana bila hivyo hakuna hadithi. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, alivinunua Ureno miaka ishirini na miwili nyuma, siku wazee arobaini na tano aliowabeba walipokuwa makumbusho na yeye mvua ikamkuta njiani. Cha kulia kilikuwa kiatu kama viatu vingine. Cha kushoto kilikuwa kimekanyaga klachi kutoka Skotilandi mpaka Moroko, kikajikunja, kikavimba penye kinundu cha dole gumba, kikawa si kiatu tena bali mguu wa pili wa Clive uliovuliwa. Na kililia. Kila hatua: *nyii*. Hilary alikuwa amejaribu kukiondoa duniani mara nne. Mara ya mwisho alikipeleka pamoja na mwenzake kwenye duka la hisani, na Clive akaenda akavinunua tena, akarudi navyo miguuni akimwambia kwamba amepata viatu vizuri sana, kama vile alivyokuwa navyo zamani.

Tamsin akatoka jikoni na sinia la skonzi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mrefu kama mama yake, na alikuwa anachechemea. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa na soksi tu, imelowa, nyeusi kwenye unyayo.

"Siku hizi wanauza kimoja kimoja?" Clive aliuliza.

"Kimoja kimoja nini?"

"Viatu, mwanangu."

Tamsin akatazama chini. Kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba jina lake si lake. Halafu akacheka. "Nitakuwa nimekivua nikifanya kazi. Kaeni. Mama, koti lako."

Kiatu chenyewe Clive alikiona baadaye kidogo. Kilikuwa ndani ya meko, nyuma ya kuni ambazo hazijawashwa, kimeelekezwa juu.

*

Wageni saba walikuwa wale watu wa miguu na makoti ya mvua wanaokuja Thaxbury kila gulio, wakapiga picha ya msalaba wa sokoni, wakanunua jibini wasiloweza kulimaliza, kisha wakatafuta chai. Mkahawa ulikuwa umejaa. Tamsin alikaa na wazazi wake meza ya karibu na jikoni, akajimiminia chai, akaeleza kilichomletea neema ile.

"Nyumba ina miaka mia nne, baba. Fundi alipoibomoa meko ya kisasa akakuta hii ya zamani nyuma yake. Akapandisha mkono ndani ya dohani kukagua matofali, kwenye kingo moja akashika kiatu. Cha mwanamke. Cha kushoto. Kimekauka kama mkate wa Pasaka iliyopita."

"Na mwenzake?" aliuliza Hilary.

"Hakuna mwenzake. Watu wa zamani walificha kimoja tu. Yule fundi aliniambia, 'Dada, kirudishe. Hicho hakitokagi ndani ya nyumba.' Mtu ana tatuu ya fuvu shingoni, anaogopa kiatu!" Akacheka tena, peke yake. "Nikampigia Bwana Lanyon wa makumbusho ya mji. Akaja mbio na glavu nyeupe, karibu alie. Sasa kiko juu ya ukumbi wa soko, kwenye kabati la kioo, na kila anayekitazama anaonyeshwa njia ya kuja kunywa chai kwangu. Mwezi huu sijawahi kukaa."

"Na dohani?" Clive aliuliza. "Inavuta vizuri? Nasikia masizi."

Kabla Tamsin hajajibu, juu ya dari kitu kilikanyaga.

*Pa.*

Ulikuwa mlio wa unyayo mtupu juu ya mbao. Clive akasubiri hatua ya pili, kama masikio yote ya binadamu yanavyosubiri, na hatua ya pili haikuja. Palikuwa na kimya cha urefu wa hatua, kana kwamba mguu wa kulia ulikuwa umetua mahali pasipo na sakafu. Kisha, karibu zaidi na ngazi, *pa*.

"Nani yuko juu?" Hilary alinong'ona.

"Hakuna mtu. Ni mbao, mama. Mbao za zamani zinasema." Alilitoa jibu haraka, kama la mtihani.

Clive akawatazama wageni. Walikuwa wamesikia, kila mmoja. Vijiko vilikuwa vimesimama vikombeni. Lakini watu wa nchi ile wana dawa moja ya kila janga, nayo ni kutolifanyia fujo. Bwana mmoja mwenye masharubu akasafisha koo, akamwambia mkewe, "Mabomba ya maji moto." Mke akasema, "Bila shaka, mpenzi," na mkono wake ulikuwa unamwaga maziwa kwenye kisahani. Ndani ya dakika tano wote saba walikuwa wamekumbuka kwamba wana basi. Waliaga kwa upole, wakasifu skonzi. Mlangoni wakakuta gambuti za kushoto zimegeukia meko tena, wakazivaa bila neno, wakatoka nje kwenye mvua wakitembea haraka kidogo kuliko watu wanaotembea.

*

Clive alikwenda kwenye ngazi. Zilikuwa ngazi kumi na tatu, nyembamba, zinazojipinda kama hirizi ya pembe. Juu ya ngazi ya kwanza kutoka juu palikuwa na alama ya masizi: mguu wa kushoto, mtupu, vidole vimetazama chini. Kwenye ya pili, alama ileile, kushoto tena. Ya tatu, kushoto. Alama hazikuwa na kisigino. Na hakukuwa na hata moja iliyopanda.

Alihesabu. Zilifika ngazi ya tisa.

"Kila siku inaongezeka moja," Tamsin alisema nyuma yake, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. "Nimeosha, baba. Nimeosha kwa sabuni, kwa siki, kwa magadi. Leo asubuhi ilikuwa ya nane."

Clive akatazama tena. Alama ya kumi ilikuwa pale. Hakuiona ikija. Ilikuwa mbichi, inang'aa.

"Mwanangu, mguu wako una nini?"

"Umekufa ganzi. Ganzi ilianza vidoleni. Sasa imefika hapa." Akashika goti.

Hilary, aliyewahi kuwa muuguzi na hakuwa mtu wa kupoteza muda, akamkalisha kitini, akavua soksi, akachomoa pini ya koti lake na kuichomeka kwenye unyayo. Tamsin alikuwa anatazama dirishani. "Unafanya nini, mama? Bado hujaanza?" Pini ilikuwa imezama nusu. Hakuna damu iliyotoka. Ilitoka nukta moja nyeusi, na Hilary alipoigusa ilipakaa kidoleni kama masizi.

"Tunaondoka," alisema Hilary. "Hivi sasa. Clive, lete gari."

"Lakini mkahawa, mama, nimeahidi keki ya—"

"Nimesema tunaondoka!"

Wakamshika, huyu bega hili na huyu bega lile, wakafika mlangoni, na mguu wa kulia wa Tamsin ukavuka kizingiti ukakanyaga mawe ya soko yaliyolowa, mbele ya macho ya muuza maua aliyekuwa anafunga ndoo zake, lakini wa kushoto ukabaki ndani, haukukataa wala haukuvuta, ulikaa tu pale sakafuni kama ulioota mizizi, na Clive alipoinama kuuinua kwa mikono miwili, yeye ambaye amepakia masanduku ya wajane wa nchi nzima, aliona kwamba anainua nyumba, matofali na dohani na miaka mia nne yote, na baridi iliyopanda kutoka kwenye kile kifundo cha mguu ikamwingia vidoleni mpaka kwenye meno.

"Baba," alisema Tamsin, kwa utulivu uliomtisha kuliko kilio. "Acha. Si mimi ninayeushikilia."

Ngazini, nyuma yao: *pa*.

Ya kumi na moja.

*

Clive alikimbia. Kama hujawahi kumwona mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye kitambi akikimbia katikati ya gulio, hujapoteza kitu. *Nyii, nyii, nyii*, akapita meza za jibini, akapita mabanda ya mboga, akapanda ukumbi wa soko na kumkuta Bwana Piers Lanyon, mzee mwembamba wa shali ya hariri, aliyefanya kazi ya makumbusho bila mshahara na kwa hiyo aliifanya kwa bidii ya kutisha.

"Nipe kiatu cha nyumba ya binti yangu," Clive alisema akihema.

"Ndugu yangu mpendwa! Una fomu?"

"Mwanangu anakufa, bwana. Fomu baadaye."

Kuna jambo usoni mwa Clive Bwana Lanyon aliliona, kwa maana alifungua kabati. Lakini hakuweza kujizuia na fahari yake. "Ungekiona kilivyokuwa! Nimefanya kazi wiki tatu. Nimekilainisha kwa mafuta, nimeshona tundu la kidoleni. Na ndani, hutaamini, masizi yaligandamana mpaka yakawa na umbo la mguu kabisa, na vidole. Nikayatoa yote kwa brashi."

"Ukayapeleka wapi?"

"Nje dirishani. Upepo ukayachukua." Mzee akasita. "Ukayapeleka... upande wa kwenu, nadhani."

Kiatu kiling'aa mkononi mwa Clive, safi, kimejazwa karatasi nyororo. Kilikuwa kiatu cha mtu yeyote na si cha mtu yeyote.

Chini ya matao ya ukumbi, Alhamisi zote, hukaa fundi viatu anayeitwa Mama Quill, mwanamke wa karibu miaka tisini, mwenye mikono kama mizizi ya tangawizi. Alimwona Clive akiteremka na kile kiatu, akaweka nyundo chini.

"Nani amekiosha?"

"Makumbusho."

"Mjinga mwenye glavu. Kaa hapa, kijana."

Clive hakuwa ameitwa kijana kwa muda mrefu, na siku nyingine angelifanyia utani. "Sina muda, mama. Kiko ngazi ya kumi na moja."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Kile kitu huingia kwa dohani, maana mlango una kufuli na dirisha lina kitasa lakini dohani iko wazi usiku na mchana. Kikishuka kinanusa mtu. Kikikuta kiatu kilichovaliwa mpaka kikachukua mguu wa mwenyewe, hudhani ni mtu. Huingia. Na kikishaingia hakitoki, kwa sababu hakijui kurudi nyuma."

"Kama madereva wawili watatu ninaowafahamu."

Mama Quill hakucheka. "Kimekaa kiatuni miaka mia nne. Sasa kimetolewa, hakijui makao mengine. Kinajaribu kila kiatu cha kushoto mle ndani. Kisipopata, kitaingia kwenye mguu wenyewe. Ngazi ya mwisho, kijana. Mradi unasikia kinatembea, bado kinapima. Kikinyamaza, kimeingia, na huko kinaenda mbele tu. Juu. Mpaka moyoni."

"Nifanye nini?"

Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye miguu yake. "Nimekusikia ukija tangu meza ya jibini. Umevivaa muda gani hivyo?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Hujawahi kumpa fundi?"

"Fundi alikataa."

"Basi Mungu amekuhurumia. Cha kushoto. Kiweke kwenye kingo kwa mkono wako mwenyewe, vidole vitazame juu, usikiachie mpaka kizidi uzito. Na sikiliza, hili ndilo kubwa." Akamshika mkono, na Clive akashangazwa na nguvu zake. "Hicho cha kulia utabaki nacho. Usikivae. Usikitupe. Na usikioshe, usikipige rangi, usikishone. Viatu ni mapacha. Ukimsafisha mmoja, mwenziwe anasahau mguu, naye aliyemo anaachiwa."

*

Kile cha makumbusho alikiacha kwa Mama Quill, akarudi amevaa kiatu chake kimoja, kingine mkononi, soksi inachuruzika maji. Tamsin alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango, kichwa mapajani mwa mama yake. Hilary alikuwa anaomba dua ya utotoni, akirudia mstari mmoja, kwa sababu mingine ilikuwa imemtoka. Kwenye ngazi ya kumi na mbili, masizi yaling'aa.

Clive akajisukuma ndani ya meko, akapandisha mkono wa kushoto gizani. Matofali yalikuwa baridi na yalitoa jasho. Alipapasa, akapata kingo, akasukumiza kiatu chake pale, vidole juu, akakishikilia kisigino.

"Njoo," alisema. "Njoo basi. Hiki hapa. Kimetembea kuliko wewe."

*Pa*, chini kabisa ya ngazi. Tamsin akashtuka na kuvuta pumzi ndefu isiyoisha, na ule unyayo ukaja sakafuni kuelekea kwake, halafu ukasimama, ukageuka, maana alama ya masizi ilijizungusha pale pale mbele ya macho ya Hilary kama mtu anayenusa upepo, ikaja mekoni, na Clive akiwa amepiga magoti, shavu limebanwa kwenye tofali, akahisi kitu kinampita begani, chepesi kama moshi na kirefu, kirefu mno, kinapanda juu ya mkono wake bila haraka, harufu ya nywele zilizochomeka ikamjaa kinywani, kikafika kwenye vidole vyake, kikafika kwenye ngozi, na ndani ya kiatu chake cha Ureno, pale ambapo kwa miaka ishirini na miwili palikuwa pake peke yake, vidole vitano visivyo vyake vikaingia kimoja kimoja, vikajinyoosha.

Kiatu kikawa kizito kama jiwe la kusagia.

Akakiachia. Hakikuanguka. Kutoka gizani, mara moja tu, kililia: *nyii*.

Nyuma yake Tamsin alipiga kelele. "Aaah! Nani amenichoma pini mguuni?"

Hilary akaanza kulia na kucheka pamoja. Clive akatoka mekoni mweusi kama mkaa, akajaribu kusimama, mguu wake wa kushoto ukamkatalia. Ulikuwa baridi kama samaki. Ulikuwa baridi, na ndani yake, mbali sana, vidole vilikuwa vinachezacheza bila ruhusa yake.

"Na hiki kilichobaki?" Hilary alimuuliza ndani ya gari, akiokota kiatu cha kulia. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. "Tukitupe?"

Hapo ndipo Clive Tapscott alipotakiwa kusema, kwa maneno makavu, kila alichoambiwa chini ya matao. Alimtazama mkewe. Akaona hofu ya siku ile imemtosha.

"Thubutu," alisema. "Huyo anastaafu. Nitampa pensheni na chumba chake."

Hilary akacheka, safari hii bila machozi. Clive akaridhika na kicheko kile, akawasha gari.

*

Baridi ilipita, masika yakaja. Mkahawa ulijaa. Tamsin alitembea vizuri, akaziba kingo ya dohani kwa tofali moja asilolipaka saruji, na wageni walipouliza kiatu kiko wapi aliwaambia kimerudi kwao. Clive aliishi na mguu wake. Alivaa soksi tatu, akawaambia marafiki wa baa kwamba mguu mmoja umetangulia kaburini kumshikia nafasi. Usiku alihisi vile vidole vikijinyoosha maili mia moja na thelathini kutoka kitandani, akajua kwamba kiatu kipo, na binti yake yu salama. Alianza karibu kuipenda baridi ile. Kiatu cha kulia alikiweka kabatini, nyuma ya kofia.

Mwezi wa Aprili alitimiza miaka sitini. Aliamka saa mbili asubuhi, jua limeingia chumbani, akalala kidogo akijiuliza ni nini kizuri namna hii. Akatikisa miguu chini ya shuka. Wa kulia ulikuwa na joto.

Wa kushoto pia.

Ulikuwa na joto, mwepesi, wake. Hakuna kilichochezacheza. Alikaa kitandani ghafla kabla hajajua kwa nini.

"Umeamka, mzee wa siku?" Hilary aliita kutoka chini. "Shuka, zawadi inakusubiri!"

Alishuka ameshika ukuta. Juu ya meza ya jikoni, katikati ya kikombe na mkate, kilikaa kiatu chake cha kulia. Kiling'aa. Soli ilikuwa mpya, nyuzi mpya, ngozi imepigwa rangi mpaka dirisha zima lilionekana ndani yake.

"Najua, najua, kiatu hakiwekwi mezani, ni mkosi," alisema Hilary, akipangusa mikono kwa furaha. "Nilikichukua jana jioni kwa fundi. Nilisema, kama mzee wangu amekistaafisha, basi kistaafu kwa heshima. Ungeona uchafu uliokuwa ndani! Yaani— Clive? Clive, una nini?"

Simu ikalia. Alikuwa Tamsin, na nyuma ya sauti yake vikombe viligongana, watu walicheka, ilikuwa Alhamisi.

"Heri ya kuzaliwa, baba! Na wewe unajiona mjanja sana. Umeingia saa ngapi?"

"Tamsin," alisema Clive. "Mimi niko nyumbani."

"Mmh. Na lori la kabichi limepinduka."

"Mwanangu, nisikilize. Toka nje. Acha kila kitu, toka sasa hivi, wewe na wageni wote. Sitanii."

"Hutanii wewe, lini?" Alikuwa anacheka kicheko kile kile cha utotoni, kilichompa Clive fahari maisha yake yote. "Nimeshamwambia bwana wa meza ya pili, 'Huyo juu ni baba yangu, namjua kwa kiatu.' Haya shuka, keki iko tayari."

Na Clive akasikia kwenye simu, juu ya vikombe na vicheko, mbao zikilalamika, na kitu anachokijua kuliko sauti yake mwenyewe.

*Nyii.*

Kimya cha urefu wa hatua.

*Nyii.*

"Huyo unashuka," alisema Tamsin. "Nakuona mguu. Baba, mbona umevaa kimo—"

Akaacha kucheka.